Mama Mkwe wa Televisheni

Kabla watu hawajaanza kumwita Mama Msonyo, kazi yake ilikuwa kupiga pasi mavazi ya waigizaji. Chumba chake kilikuwa nyuma ya studio, hakina dirisha, na kutwa nzima alinuka mvuke. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na tisa, mwenye mtoto mmoja wa kiume.

Siku moja mwigizaji aliyepangiwa kuwa shangazi wa bwana harusi hakutokea. Mwongozaji, mori umeshampanda, aliingia chumba cha pasi kutafuta gauni, akamkuta anaisonya pasi iliyounguza kola.

"Hebu sonya tena," akamwambia.

Akasonya.

"Vaa gauni hilo, twende."

Alipewa sentensi mbili tu. Ya kwanza aliikosea. Lakini ule msonyo, mrefu, wenye mkunjo mwishoni, ulimchekesha mpiga picha hadi kamera ikatikisika, ikabidi warudie.

Tangu hapo, kwa miaka ishirini na miwili, hakukosa kazi, na hakuwahi kuwa mhusika mkuu. Alikuwa shangazi mchonganishi, jirani mwenye kijicho, na zaidi ya yote, mama mkwe. Sura yake haikubandikwa kwenye bango hata moja, ila mtaani nani asiyemjua? Muuza nyanya aligoma kumuuzia: "Mpaka umrudishe yule binti wa watu uliyemfukuza!" Yeye alicheka, akanunua kwenye meza ya jirani.

Kisha mwanawe, ambaye sasa ni fundi umeme, akapata mchumba, mwalimu wa chekechea. Baba wa binti, fundi saa, alikataa katakata: binti yake haolewi kwa yule mama. Safari hii Mama Msonyo hakucheka. Jumamosi mchana alivaa gauni lake la heshima, akafuatana na mwanawe mpaka kwa wakwe.

"Utanisamehe, mama," fundi saa alisema, macho kwenye zulia. "Juzi tu nimekuona unamtupa binti nje kwenye mvua, na mimba yake."

"Mvua ile ni mpira wa maji, baba. Na mimba ni mto wa kochi. Mimi ndiye niliyemlegezea kamba, ilikuwa inambana mgongo."

Mama wa binti akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimcheza. Mumewe hakutabasamu.

"Hata hivyo. Mtu hawezi kutoa ubaya wote ule kama hanao."



"Ninao," Mama Msonyo akasema. "Nilipofiwa na mume, hata mwezi haujaisha, mama mkwe wangu alinitolea vyombo nje, mtoto nimembeba mgongoni. Maneno ya kwenye televisheni naandikiwa, baba. Sura ninayoivaa ni ya yule mama. Naijua vizuri mno, ndiyo maana siwezi kumvalia mtoto wako."

Mwanawe aligeuka kumtazama. Habari hiyo alikuwa hajawahi kuisikia.

Fundi saa aliinuka, akaingia ndani. Mkewe akaleta chai, wakainywa, wakaaga. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: waoane, lakini yeye atakuwa anapitapita. Na kweli alipitapita. Kila Jumapili alikuja kwa Mama Msonyo, walikokaa maharusi, kurekebisha saa ya ukutani ambayo haikuwa na tatizo lolote, huku akimchungulia binti yake kama amekonda. Mwezi wa nne wa ndoa akaanza kuja bila vifaa.

Mama Msonyo alimwomba mwongozaji ampe walau mara moja nafasi ya mtu mwema. "Nani atakuamini?" mwongozaji akacheka. Iliuma, ila hakuacha kazi.

Siku hizi mkamwana wake ndiye anayemshikia karatasi wakati wa kukariri. Hukaa sebuleni, mmoja anafukuza, mwingine anafukuzwa, na mwalimu yule hana mchezo na mazoezi.

"Hapana, mama, hapo umenionea huruma. Rudia."

Mama mtu anarudi mlangoni, anashika kiuno, anaanza upya.