Lori la Maneromango

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa Chama wa Wilaya hakuniuliza kama najua kupiga taipu. Cheti changu kilikuwa mezani, hakukigusa. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Binti, unajua kunyamaza?" Nikajibu, "Najua, Mzee." Mama yangu angekuwepo angecheka mpaka akae chini, maana nyumbani kwetu Kisarawe waliniita cherehani kwa mdomo usiotulia.

Ninyi wajukuu zangu mkisikia uchaguzi mnaona fulana, maspika na magari yanayopiga honi. Enzi zetu haikuwa hivyo. Kibaha ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisarawe, na mtu aliyetaka ubunge alikuwa marufuku kujinadi, hata kwa kikombe cha kahawa. Jina lake lilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa wilaya. Huko wajumbe wa matawi walimsikiliza, wakamhoji, kisha wakapiga kura ya siri. Kwa kawaida wawili waliopata nyingi ndio waliorudishwa kwa wananchi, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Wa tatu safari yake iliishia palepale ukumbini.

Kazi yangu mimi ilikuwa chumba cha wagombea. Walifungiwa humo tangu asubuhi wasionane na wajumbe, nami niliwapelekea chai, nikapeleka ujumbe wao kwa Katibu, na saa ya kura nikagawa karatasi ukumbini. Yaliyosemwa chumbani yalibaki chumbani. Ndiyo maana Katibu aliniuliza lile swali.

Mkutano ninaousimulia ulikuwa na wagombea watatu. Bwana Katani, mhasibu wa ushirika, alikuwa na maneno matamu na viatu vinavyong'aa. Bi Zuhura alikuwa mkunga wa Maneromango. Huko nusu ya watoto walikuwa wamepita mikononi mwake. Wa tatu ni Mzee Pazi, mkulima wa mpunga kutoka Dutumi. Huyo ndiye niliyemtaka, nasema wazi. Nilikuwa nimemsikia kwenye vikao akiwabishia mabwana wakubwa kuhusu bei ya korosho bila kupaza sauti, na moyo wangu ukasema huyu ndiye wa kutusemea Bungeni.

Asubuhi hiyo mvua ilipiga nje ya majira yake. Wajumbe wa Soga walifika kwa treni, wa Dutumi walitembea hadi Mlandizi wakapata gari. Lori la Maneromango halikuonekana. Barabara ile mnaijua. Ikinywa maji haina huruma na mtu. Mwenyekiti akasema akidi imetimia, yaani wajumbe waliopo wanatosha kisheria, tuanze. Katibu akakuna kichwa. Akaniambia, "Nenda kawaulize wagombea. Wakikubali wote watatu, tutasubiri. Mmoja akikataa, tunaanza."

Loo! Nilivuka ua kwenda chumbani kwao nikihesabu kura kichwani. Kila mtu ofisini alijua hesabu ilivyokaa. Bila watu wa Maneromango, Bi Zuhura ni wa tatu. Wakifika, wa tatu ni Mzee Pazi.

Niliposema habari ile, Bi Zuhura aliinamisha kichwa, hakutia neno. Angesema nini? Lingekuwa ombi la kujipendelea. Bwana Katani akasema, "Sheria ni sheria. Akidi imetimia."

Mzee Pazi akaweka kikombe chini. "Tuwasubiri."

"Una wazimu wewe?" Katani akamgeukia. "Hao si watu wako! Wakija, wewe ndiye utakayekwenda na maji."

"Huenda. Lakini wako kwenye tope sasa hivi wanasukuma lori ili waje kutuchagua. Tukianza bila wao, tutawaambia nini? Kwamba mvua imewapigia kura?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, sauti ya Katani ikisikika hadi uani. Mwisho Katani akatupa mikono. "Haya, nimekubali, tusubiri! Njaa ikiwauma wajumbe, mimi simo."

Nikatoka. Mzee Pazi akanifuata hadi mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, ukifika kule sema wagombea wote wamekubali. Jina langu usilitaje. Litakuwa ni kujinadi."

"Lakini baba, ndiyo haki yako."

"Usilitaje."

Lori lilifika jua likiwa limeshavuka utosi. Walishuka watu wa rangi moja, rangi ya tope, wengine viatu mkononi. Ukumbi mzima uliwapigia makofi. Wagombea wakaitwa mmoja mmoja, wakajieleza, wakahojiwa, wakarudi chumbani. Mzee Pazi alizungumza vizuri, lakini wale wa Maneromango hawakumjua.

Nikaanza kugawa karatasi. Nilipofika safu ya Maneromango, mzee mmoja akanishika mkono. Kalamu alikwisha kuishika. Akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, tumesikia kuna mgombea mmoja aliyetutetea mpaka tukasubiriwa. Ni nani? Tumpe chake."

Safu nzima ikanigeukia. Yarabi, ulimi wangu! Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Neno moja tu, na Mzee Pazi angepita.

Nikamwambia, "Karatasi yako hii, babu. Sanduku lipo kule mbele."

Mzee Pazi akawa wa tatu. Hakuachwa kwa kura nyingi.

Jioni alinikuta ukumbini napanga viti huku nalia kama mtoto. Nikamfokea, mimi karani mdogo, mtu sawa na baba yangu. "Ungeniruhusu nikutaje! Wangekupa wote!"

"Wangenipa kura ya lori," akasema. "Mimi nilitaka yangu." Akanisaidia kupanga viti vilivyobaki, akauliza kama bado kuna gari la Mlandizi, akaondoka.

Bi Zuhura alipewa jembe, akashinda, na alitufaa. Simsemi vibaya hata chembe. Kibaha ilipokuwa wilaya nikahamishiwa huko, nikafanya kazi chini ya makatibu wengine, mmoja mkali, mmoja mlevi wa hotuba, mpaka nikastaafu kwa heshima na saa ya ukutani. Mzee Pazi hakuchukua fomu tena. Kila nilipomwona sokoni Mlandizi na magunia yake nilimwamkia, "Shikamoo, baba," naye, "Marahaba, bibi wa karatasi." Alipofariki nilikwenda Dutumi kumzika. Watu wa Maneromango hawakuwepo, na sikuwalaumu.

Wanangu, namkumbuka mtu yule kuliko ninavyoweza kueleza. Siku ya uchaguzi nakwenda mapema na kigongo changu, napewa karatasi, naingia kwenye kile kijichumba. Kabla sijaweka alama, macho yangu hushuka taratibu kutoka juu hadi chini, jina baada ya jina, yakimtafuta Pazi. Najua hayupo. Natafuta tu.