Shule ya Ziwa Lililofungwa

Ukifika Kashikishi mwezi wa kumi na mbili utadhani kuna msiba. Mitumbwi imegeuzwa kifudifudi mchangani, nyavu zimekunjwa, na sokoni wamebaki akina mama wa mihogo. Ziwa Mweru limefungwa ili samaki wazaane. Mvuvi atakayeonekana majini kabla ya mwezi wa tatu atashikwa. Nimerudi juzi, na ukimya huu umeniuma, maana zamani, rafiki yangu, miezi hii ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko yote.

Chuo kikuu cha Wabaptisti unachokiona pale juu, chenye ghorofa na uzio, kilianza kwa sababu wavuvi walikosa kazi. Mchungaji mmoja aliwakuta wamekaa tu, akawaita chini ya paa la nyasi. Asubuhi Biblia, mchana historia, kuimba kwa nota, na kuhojiana juu ya lolote. Ziwa likifunguliwa, shule inafungwa. Aliyemaliza misimu sita alivishwa joho.

Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi yangu aliyenilea, alivuka kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, akauza samaki maisha yake yote. Naye alijiunga na shule hiyo, akawa ananichukua darasani kwa kuwa hakuwa na wa kuniachia. Nakumbuka harufu ya nyasi zilizolowa, karanga za kukaanga zikipita mkono kwa mkono, na mvua isiyopiga kelele kama ipigavyo kwenye bati, hivyo kila neno lilisikika.

"Mwalimu," Kambo aliuliza siku moja, "garika iliua batu na nyama yote. Sasa samaki? Zenyewe hazikukuwa na zambi?"

Mvuvi mmoja akadakia kutoka nyuma: "Mama, samaki balikuwa Babatisti! Balishazamishwa muzima muzima!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Sijui, mama. Tuulizane." Walibishana mpaka jioni. Nimekaa katika mihadhara mingi tangu hapo, na sijasikia tena mwalimu akisema "sijui" kwa furaha namna ile. Tabia yangu ya kutokubali kitu kirahisi, ambayo imewachosha wengi, ilianzia kwenye mkeka ule.

Kambo alikuwa amebakiza msimu mmoja tu. Ndipo shule ikakua. Yalikuja matofali, maktaba, kompyuta, wahadhiri kutoka mbali, na kibali cha serikali. Tulishangilia sote, hata yeye. Ila ratiba nayo ikaiga vyuo vya mjini: masomo yakawa yanaanza wakati samaki wanapatikana, wakati ambao hakuna mtu wa ziwani anayeweza kuacha kazi. Kambo alikwenda kuuliza kama wangemruhusu amalizie. Akaambiwa alete cheti cha darasa la kumi na mbili.

Alirudi, akakaa, akaanza kumenya mihogo. Ilipokwisha yote ndipo aliposema: "Banataka cheti ya kuingilia. Miye nilikuwa natafuta ya kutokea."

Mimi nilisoma pale, na joho nikalivaa. Siwezi kukana faida yake. Walimu wengi wa wilaya hii wametoka mle. Lakini kila nikisikia chuo kimekua, najiuliza kimekua kuelekea wapi, na kimempa nani mgongo.

Jana Kambo alitaka kukiona. Tulipanda polepole, yeye na fimbo yake, mlinzi akatufungulia geti. Madarasa yote yalikuwa na kufuli. Kambo aliweka viganja pembeni mwa macho, akachungulia dirishani, akazitazama safu za viti kwa muda mrefu.

"Biti yote hii," alisema, "na hakuna mutu."

"Banafunzi balienda likizo, bamayo," mlinzi alimjibu kwa heshima, kama mtu anayemwita mama yake. "Mukuye mwezi wa tatu."

Kule chini ufukweni wavuvi walikuwa wamekaa mchangani, wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa, wakiusubiri mwezi huohuo.