Ndege wa Kabati la Kioo

Shule ya watoto wasioona ilitengenezewa kabati la kioo. Ukitaka kucheka, cheka. Mwalimu wa sayansi hakucheka. Walimu wenzake walimwita Moto wa Pumba, maana hasira yake huwaka chini kwa chini, na anayedhani imezimika ndiye anayekanyaga na kuungua.

Ndege walikuwa zawadi ya wafadhili: mwewe, bata, bundi na korongo, wamekaushwa na kujazwa pamba, manyoya yao kamili. Siku walipofika, mwalimu nusura apige vigelegele. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akifundisha somo la ndege kwa vichwa na miguu ya kuku aliyopewa na dada yake muuza kuku. Watoto wake walimaliza shule wakiamini kila ndege duniani ni kuku aliyebadilishwa jina. Sasa wangeshika kucha za mwewe wenyewe.

Mwalimu mkuu akawafungia kabatini, ofisini kwake.

"Mikono ya watoto itawaharibu. Wageni wakija wataona nini?"

"Na watoto wataona nini, mkuu?"

"Wewe si upo? Waeleze."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kabati lilitengenezwa na mumewe, fundi seremala. Jioni alimvaa kabla hajavua viatu.

"Baba watoto, kioo! Shule ya wasioona!"

"Mama, niliambiwa kioo, nikaweka kioo. Mteja ni mfalme."

"Mfalme wako hana akili."

"Hiyo hakuniambia niitengeneze."

Wafadhili wakaja na kamera. Mkuu alimchukua binti mdogo wa darasa la tatu, yule mwepesi wa kunyoosha mkono, akambandika kiganja kwenye kioo. "Huyu ndiye mwewe," akamwambia. Picha ikapigwa, watu wakapiga makofi. Mwalimu alisimama nyuma, ameuma meno.

Kipindi kilichofuata aliuliza darasa: mwewe anakulaje nyama bila meno? Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwewe mimi nimemshika. Ni baridi, tena bapa. Mdomo hana."

"Hata bundi yuko hivyo hivyo," akadakia mwenzake. "Mkuu alinishikisha."

Mwalimu alikasirika mpaka kalamu ikavunjika mkononi. Kumbe afadhali kuku wa dada! Kuku hakuwa mwewe, lakini hakuwa uongo. Akatoka nje kumpigia mumewe.

"Baba watoto, kabati lako linafunguliwaje bila ufunguo?"

"Ubao wa nyuma umeshikwa na skrubu tu. Subiri, bisibisi naileta mwenyewe."

Mkuu aliporudi kutoka kikaoni, alikuta kabati limegeuzwa, ubao wa nyuma umefunguliwa, na ndani halina kitu. Alikimbia hadi darasani. Watoto walikuwa wamezunguka meza, vidole vikitembea: kwenye ngozi inayounganisha vidole vya bata, apige maji asizame, kwenye manyoya ya bundi, laini, panya asimsikie akija, kwenye mguu wa korongo, mrefu, asiloe tumbo matopeni. Mguu mmoja wa korongo ulikuwa tayari umekatika, na mtoto mmoja ameukumbatia.

"Si nilisema!" mkuu alifoka. "Wameharibika! Kesho nitawaonyesha nini wageni? Utaandika maelezo, na kazi utaitafuta kwingine!"

"Nitaandika, mkuu. Acha kwanza nimalize kipindi."

Binti alikuwa ameshika kichwa cha mwewe kwa mikono miwili. Kidole chake kilifuata mdomo kutoka puani, kikashuka na kule kupinda mpaka kwenye ncha, kikachomwa.

"Uuh! Kumbe anararua!" Akacheka. Kisha akakunja uso.

"Mwalimu, huyu ndiye mwewe?"

"Ndiye."

"Sasa yule wa ofisini alikuwa nani?"

"Muulize mkuu," alisema mwalimu. "Yuko hapo mlangoni."

Binti akageuza uso wake kuelekea mlangoni, akasubiri jibu.