Picha Yangu ya Alfajiri Imemfichua Mama wa Watu

Admin, jina langu lifunike kabisa. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina studio ya picha Mwanga, Kigoma. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa kupiga picha majengo ya kale mkoa huu hakuna wa kunisogelea. Stesheni ya reli aliyojenga Mjerumani nimeipiga hadi watu wakauliza kama ni Ulaya. Dar nimeishi, Bujumbura nimeishi, nikadhani hakuna la kunitisha.

Siri yangu ni alfajiri. Jua halijatoka, naweka kamera kwenye stendi, naiacha wazi sekunde thelathini. Anayetembea anafutika, ukuta unabaki. Mwezi jana nikapiga nyumba ya zamani Ujiji, yenye mlango wa nakshi. Barazani alikuwepo muuza vitumbua, nitamwita Mama Zawadi, anasubiri mafuta yachemke. Hakutikisika hata kidogo, akatoka safi hadi makunyanzi. Nikaiweka mtandaoni, watu wakaisambaza balaa.

Jamaa mmoja akaniandikia inbox: "Huyo ni dada yangu. Tulipotezana tukikimbia Burundi. Anakaa mtaa gani?" Nikashangaa, maana sote tunamjua kama Muha wa Simbo, mzaliwa wa huku huku Kigoma. Lakini mimi nina moyo mkubwa, na mdomo mkubwa zaidi. Nikamtajia mtaa, nyumba, hadi rangi ya mlango. Nikajiona malaika.

Kesho yake nikampelekea Mama picha, habari ya kaka nikaibana iwe sapraizi.

"Shikamoo mama! Umekuwa staa!"

Akaitazama, vitumbua vikaungua. "Mwanangu, wameiona wangapi?"

"Elfu kumi na ushee! Anza kutoza kiingilio."

"Yoo! Umeniua." Akanivuta ndani. Kumbe ni mkimbizi wa Burundi, alitoroka kambini baada ya waliomuua mumewe kumfuata hadi humo. "Ndugu zangu nimewazika. Akija mtu anajiita ndugu yangu, ujue ni walewale."

"Umewazika wote, mama?"

"Mdogo wangu mmoja wa kiume sikuiona maiti yake."

Sikumwambia habari ya yule jamaa. Nilifuta picha, nikampigia jamaa kwa namba aliyoniachia inbox. Alilia kwenye simu kama mtoto, akasema Ijumaa anafika. Nilipomuuliza mama yao aliitwa nani, simu ikakatika. Mtandao au yeye, sijui. Tangu hapo haipatikani.

Leo ni Jumatano. Nikimwambia Mama, atakimbia usiku huu na binti yake, ambaye wiki ijayo anafanya mtihani wa darasa la saba. Na kama ni mdogo wake kweli, nimewatenganisha mara ya pili. Nikinyamaza na kumbe ni wale wauaji, nimewaleta mlangoni kwake mimi mwenyewe. Polisi nako siwezi, Mama hana kibali cha kuishi nje ya kambi, watamrudisha kule kule alikotoroka.

Asubuhi hii amenipa vitumbua vinne bure, akasema, "Hapa mjini nina wewe tu." Bado nimevifunga kwenye gazeti.

Nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkimaliza, nishaurini: nimwambie leo, au nikae mimi pale barazani Ijumaa nimsubiri huyo mtu?