Upande Niliopewa

Nilipokuwa mtoto, nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, aliamini kwamba neno baya likisemwa mbele ya watu huingia katika nyumba iliyo karibu nalo kuliko zote. Dawa ilikuwa moja: uteme mate chini upesi, neno libaki hapo.

Nilikuwa darasa la saba, na mdomo wangu ulijulikana mpaka mjini Mogogosiek. Siku ya wazazi, mwalimu akanipa upande wa kutetea katika mdahalo: mashine ya kuchuma majani chai ni bora kuliko mikono. Nikamwambia mwalimu kwamba mama yangu anachuma kwa mikono. Akasema mdahalo si kanisa, siulizwi ninaamini nini.

Basi nikasimama. Niliwatazama watu machoni, nikashusha sauti pale walipotarajia nipige kelele. Nikasema mikono huchoka, huugua, huomba ruhusa. Mashine haina mtoto mgonjwa nyumbani. Makofi yakajaa ukumbi. Mama alikuwa benchi la nyuma na wachumaji wenzake. Mmoja akamtania, "Mama Chepkemoi, huyu wako atatufuta kazi sote." Mama akacheka, akapiga makofi pia.

Kogo hakucheka. Alinishika mkono pale nje.

"Tema mate, Chepkemoi."

"Kogo, huo ni mdahalo tu."

Hasira zangu zilikuwa karibu hata wakati huo. Nikauchomoa mkono.

Mashine zilikuja mwaka uliofuata. Sisemi niliziita mimi. Kampuni ya chai haingoji mtoto wa shule. Lakini wachumaji waliitwa, kila mmoja aeleze mbele ya meneja kwa nini abakizwe. Waliojitetea, wengine walibakizwa. Mama, ambaye vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, alinyamaza. Akaachishwa. Mimi nikatoka shule. Ninayoyajua leo nilijisomea mwenyewe.

Jioni ya siku aliyoachishwa nilimfokea mama jikoni, kwa nini hakusema. Alikuwa anachochea moto, hakugeuka.

"Ningesema nini? Wewe ulishaeleza vizuri. Hata mimi nilikuamini."

Siku hizi kukiwa na jambo huku Konoin naitwa barazani, kwa sababu siogopi umati na sisemi nisiloliamini. Hata hivyo, nikimaliza natema mate pembeni. Vijana hunicheka. Wacheke. Mate hayarudishi kitu, hilo najua. Natema, kisha namtafuta mama kati ya watu, nione kama anapiga makofi.