Mlima Uliosogea kwa Upana wa Unywele

Udongo ambao haujawahi kuona jua una harufu yake. Si ile harufu tamu ya mvua ya kwanza inayowafanya watu watoke nje wakitabasamu. Hii ni nzito, ya baridi, kama harufu ya jembe lililosahauliwa kwenye maji. Niliisikia nikiwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika milima ya Ileje, wakati Mwingereza bado anatawala na sisi watoto tukiimba nyimbo zake shuleni bila kuzielewa. Nilikuwa nimepanda juu ya kijiji kutafuta uyoga. Masika yalikuwa yameshika, ulezi umefika magotini, na ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka bonde la Mto Songwe. Nikainama kuchuma, harufu ile ikanipiga puani. Chini ya nyasi kulikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kidole changu cha mwisho hakikuingia, lakini nilipoufuata niliona kwamba umekata mteremko mzima, kutoka korongo la upande huu mpaka korongo la upande wa pili. Chini yake, palipokuwa na migomba na mibuni michanga, kulikuwa na nyumba kumi na tatu. Yetu ilikuwa ya nne kutoka juu.

Baba yangu, Fundi Anyosisye, alikuwa seremala. Alijifunza kazi misioni, upande wa Mbozi, na karibu kila mlango wa kijijini ulikuwa wa mkono wake, pamoja na mabenchi yote ya kanisa. Miaka hiyo macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Ubao aliweza kuupiga randa kwa kuupapasa tu, lakini mistari midogo ya rula ya chuma hakuiona tena. Kwa hiyo macho ya kazi yalikuwa mimi. Nilipomweleza habari ya ufa hakuniambia ni mawazo ya mtoto. Alichukua fimbo, tukapanda wote, akapiga magoti kwenye matope na kuutembeza mkono wake juu ya ule ufa hatua nyingi.

"Subilaga," akasema mwishowe, "ardhi hupasuka kila mwaka. Kupasuka si kitu. Ninachotaka kujua ni kama unaendelea kufunguka."

Tulianza vibaya. Baba alisimika nguzo mbili za mti mgumu, moja juu ya ufa na nyingine chini yake, akafunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo. Siku ya tatu kamba ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze. Baba akaenda moja kwa moja kwa Jumbe Anangisye akamwambia mlima unatembea, watu wahame. Jumbe alikuwa mtu wa haki ila mgumu wa kushawishika. Akapanda kujionea, na wazee wanne nyuma yake. Siku hiyo jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Kamba ilikuwa inaning'inia, imelegea kabisa. Jumbe akaitikisa kwa kidole kimoja. "Fundi," akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma, "mlima wako umerudi nyumbani."

Kumbe katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Tulikuwa tumeipima mvua, si mlima. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, Mama Tumpale, mke wa jumbe, ambaye hakuna mtu kijijini aliyemshinda kwa utani, alimuuliza baba kama amemaliza kumpima mlima suruali, au bado anatafuta kitambaa cha kutosha. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama aliinamisha uso. Mimi nilitamani kumpiga mtu jiwe. Baba alicheka nao, akasalimia kila mmoja, lakini tulipofika nyumbani alikaa kwenye karakana yake akipapasa mbao moja baada ya nyingine. Nikamuuliza tunaacha? Akasema, "Wamecheka kamba. Kamba ilistahili kuchekwa. Nishikie hapa."

Aliutafuta ubao mmoja mrefu uliokauka miaka mingi juu ya dari. Alinifundisha jambo ambalo kila seremala analijua: ubao ukipata unyevu hunenepa, lakini haurefuki kiasi cha kuonekana. Aliupigilia kwenye nguzo ya juu, akaiacha ncha yake huru pale kwenye nguzo ya chini. Kisha akatengeneza mshale, kijiti chembamba chenye urefu wa mkono, kinachozunguka kwenye msumari uliopigiliwa nguzo ya chini. Msumari aliuweka karibu sana na mwisho mmoja wa kijiti. Mwisho huo mfupi ukisukumwa na ncha ya ubao kwa upana wa unywele tu, ncha ya upande mrefu inatembea upana wa kidole. Nyuma ya ncha hiyo tulichora mistari kwa kisu. Tukajenga kibanda kidogo cha nyasi juu yake kuzuia upepo, na uzio wa miiba kuzuia mbuzi.

Nilidhani tumemaliza. Baba akaanza kutengeneza kingine kama hicho hicho, ubao wa mti ule ule, mshale ule ule. Hiki tulikwenda kukisimika pembeni, juu ya mwamba, mahali pasipo na ufa wowote. Nililalamika kwamba tunapoteza muda kupima mahali ambapo hakuna kitu. "Ndiyo maana tunapima," akanijibu. "Mvua itanyesha kote kuwili. Baridi itakuwa kote kuwili. Wakisogea wote pamoja, hiyo ni hali ya hewa. Akisogea mmoja peke yake, huyo ni mlima."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefundisha shule, nimezaa na nimezika, na sidhani kama kuna sentensi iliyonijenga zaidi ya hiyo.

Ikawa kazi yangu. Kila asubuhi kabla ya shule, kabla jua halijagusa mteremko, nilipanda na daftari ndani ya mfuko wa turubai. Wiki ya kwanza mshale wa ufa uliruka huku na huku bila mpangilio, nikaogopa, mpaka tulipogundua kwamba nilikuwa nausogeza mimi mwenyewe. Nikisimama karibu na nguzo, uzito wangu unaibonyeza ardhi na mshale unaniandika mimi. Baba akaweka jiwe bapa hatua tatu kando. Nisisimame popote ila hapo. Nilijifunza kusubiri nitulie, kuzuia pumzi nisije nikaupulizia mshale, kusoma mara tatu na kuandika mara zote tatu hata kama hazikulingana. Mikono ilikufa ganzi kwa baridi. Shuleni nilifika na matope mpaka magotini, na mwalimu akanipa adhabu ya kufagia uwanja. Nilifagia, na kesho yake nikapanda tena.

Siku moja sikupanda. Mvua ilinyesha kama inamwagwa, nikajificha kwa shangazi, nikaandika namba za jana, ile ya ufa nikiiongeza kidogo. Nilijua ilivyokuwa ikienda, nani angegundua? Jioni nilipomsomea baba zile namba akaninyamazisha. Akaniuliza kwa nini mshale wa mwambani leo umekuwa sawa kabisa na jana, wakati mvua kama hiyo siku zote huusogeza nusu mstari. Nilijaribu kujitetea, nikalia, nikakiri. Nilingoja fimbo. Haikuja. Nilipotaka kuifuta namba ile akanishika mkono. "Usifute. Andika pembeni kwamba umeibuni. Watu watahama nyumba zao kwa daftari hili, Subilaga. Wana haki ya kujua ni wapi ulidanganya." Niliandika, kwa mwandiko mbaya sana, na baada ya hapo mvua haikunizuia tena hata siku moja.

Baada ya wiki sita namba zilianza kusema. Mshale wa mwambani ulikwenda na kurudi, ukakaa pale pale ulipoanzia. Mshale wa ufa nao ulitikisika vivyo hivyo, lakini chini ya mtikisiko huo kulikuwa na mwendo mdogo usiorudi nyuma. Mwendo huo ulikuwa kama unywele mmoja kwa siku mbili. Kisha unywele mmoja kwa siku moja. Kwa macho ufa ulikuwa ule ule, na mtu aliyesimama juu yake angeapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Baba alichukua daftari akaenda tena kwa jumbe, nami nikiwa msomaji. Nilisoma kila ukurasa, pamoja na ule wenye uongo wangu. Jumbe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanao ni macho yako. Mtu huona anachotaka kuona. Nitatuma macho mengine." Akamtuma Mama Tumpale. Mama yule alipanda siku nne mfululizo, peke yake, bila kuonyeshwa namba zangu, akachora mistari kwa mkaa kwenye kipande cha ubao kwa kuwa hakujua kuandika. Siku ya nne tuliweka ubao wake na daftari langu pamoja mbele ya baraza. Vililingana siku tatu. Ya nne tulipishana nusu mstari. Hakuna aliyecheka. Mama Tumpale ndiye aliyeongea kwanza: "Leo nahamisha vyungu vyangu. Anayebaki abaki."

Watu walihamia ng'ambo ya kijito, wengine shuleni, wengine kanisani, wengine kwa ndugu. Hapo ndipo ugumu hasa ulipoanza, kwa sababu mvua ilipungua na mlima haukuanguka. Siku kumi. Siku kumi na tano. Watoto walikohoa kwa kulala sakafuni, maharage yalihitaji kuvunwa, na mshale ulirudi kwenye mwendo wa unywele mmoja kwa siku mbili. Familia mbili, ya Ambakisye na ya mdogo wake, zilirudi nyumbani. Baba aliwafuata mpaka mlangoni. "Umepunguza mwendo," aliwaambia, "haujasimama." Ambakisye alimjibu kwamba yeye halishi watoto kwa nywele. Siwezi kumlaumu. Hata mama alianza kuniangalia nikitoka asubuhi kwa macho ya kuuliza.

Mvua ilirudi siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nilisimama kwenye jiwe langu na sikuuona mshale. Ulikuwa umepita mstari wa mwisho na kugonga mti wa kibanda. Nikakimbilia mwambani, maana ndivyo nilivyofundishwa, hata saa ile. Mshale wa mwambani ulikuwa umetulia mahali pake. Basi nikajua. Niliteremka mteremko ule kama sikuwa na miguu, daftari likianguka, nikipiga kelele kwa Kindali na Kiswahili na lugha yoyote iliyokuja. Ambakisye alitoka na mswaki wa mti mdomoni. Aliniangalia, akaangalia juu, na sijui alichoona usoni mwangu. Alibeba watoto wawili, mkewe akabeba mmoja, mdogo wake na mkewe wakamvuta bibi yao kwa mkono. Tulikuwa tisa. Tulikuwa tumevuka kijito na kupanda kidogo upande wa pili wakati sauti ilipokuja, sauti ya chini sana, niliyoisikia tumboni kabla ya masikioni. Migomba ilianza kutembea ikiwa imesimama wima. Kisha nyumba zote kumi na tatu zikakunjwa, pamoja na karakana ya baba na kila chombo alichokuwa nacho. Mtu hakufa hata mmoja.

Baba alianza tena na patasi ya kuazima. Ambakisye ndiye aliyemkatia magogo ya kwanza.

Siku hizi naishi Vwawa na mjukuu wangu Lugano, anayefundisha fizikia sekondari. Miaka michache iliyopita alikuja na habari ambayo nilimfanya anieleze mara tatu. Huko mbali sana angani nyota mbili nzito zilizokufa ziligongana, na mgongano ule ukatuma wimbi linalonyoosha na kubana kila kitu linapopita, hata mimi na kiti changu, kwa kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya elfu ya kiini cha atomu. Watu wamejenga mabomba mawili marefu, kila moja la kilomita kadhaa, wakapitisha mwanga ndani yake ili waone kama bomba moja limerefuka kuliko lingine. Lori likipita mbali wanalipima. Bahari ikipiga pwani wanaipima. Kwa hiyo wamejenga kituo cha pili mbali kabisa, na jambo hawaliamini mpaka vituo vyote viwili viseme. Walikaa miaka mingi wakipima bila kupata chochote.

"Wanafunzi wangu wanacheka, Bibi," Lugano akasema. "Wanauliza udogo wote huo wa nini."

Sitaki kujidai kwamba sisi tulifanya kazi kama yao. Sisi tulipima unywele na tulikuwa na nyumba kumi na tatu za kuokoa. Wao wanapima kitu ambacho unywele mbele yake ni mlima, na wimbi lao halitamwangukia mtu. Leo namba zinatoka kwenye simu ya kila mtoto, nyingi kuliko mvua, na ni wachache wanaouliza nani alisimama wapi alipozisoma. Lakini niliwaelewa watu wale kuliko nilivyotegemea. Kitu kikubwa kikiwa mbali, au kikiwa bado hakijafika, alama yake kwako ni ndogo. Ukipima kwa uzembe hutaiona, utajiona mwenyewe na mvua yako. Nilimwambia awaambie hivyo wanafunzi wake, na kama wakicheka, wacheke, ila kipimo wasikiache.

Kisha nikamwomba aniletee picha ya hayo mabomba. Nataka kuona wameyakinga vipi na upepo.