Mimi Nilikuwa wa Ndege

Jumapili iliyopita, katikati ya maombi, harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ilinifikia kutoka chini ya benchi la mbele. Mama fulani alikuwa amepitia sokoni kabla ya ibada, akaweka mfuko wake miguuni kama ni haki yake. Watu wote walikuwa wamefumba macho. Mimi nikafumbua yangu, nikanyoosha shingo, nikaanza kutafuta ndege kwenye paa. Mjukuu wangu akanikanyaga mguu, akaninong'oneza, "Dani," yaani bibi, "fumba macho."

Mtoto wa juzi, ananifundisha maombi. Nilimwambia anyamaze, macho yangu yana kazi yake tangu kabla mama yake hajazaliwa. Lakini tulipotoka nje aliuliza ni kazi gani hiyo, na wewe pia labda unauliza, kwa hiyo keti nikueleze. Sikusoma sana, usitafute maneno makubwa hapa.

Nilikulia ufuoni mwa ziwa, si mbali na Luanda Kotieno, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wanaume walivua omena usiku kwa taa, na mitumbwi iliporudi alfajiri akina mama walinunua kwa debe wakaianika mchangani juu ya nyavu kuukuu. Jua likitoka, ufuo mzima uling'aa kama umemwagiwa misumari mipya. Harufu yake iliingia kwenye nywele, ikaingia kwenye chai, ikaingia kwenye Biblia ya Mama. Ninayo mpaka leo. Ukifungua Warumi utajua tulikula nini.

Kanisa la kwanza lilikuja pale na ngoma kubwa na kipaza sauti cha betri. Watu wakasimamisha nguzo haraka haraka, wakaezeka nyasi, wakaimba mpaka viboko wakahama. Halafu betri zikaisha. Mhubiri akaenda kutafuta nyingine, na nadhani bado anazitafuta. Mdogo wangu aliposhikwa na homa, Mama alimbeba mpaka pale ili apate mtu wa kumwombea, akakuta mlango umefungwa kwa waya na kuku ametaga kwenye mimbari. Mtoto alipona, lakini Mama hakusahau ule waya. Zile nguzo zikawa za kuanikia nyavu.

Kwa hiyo Mwinjilisti Zablon alipotumwa kutoka Kisumu kuja kupanda kanisa jipya, Mama alimpokea kwa uji na kwa jicho kali. Alikuwa kijana mwembamba, mzaliwa wa mtaa wa Kaloleni huko mjini, na koti la rangi ya udongo ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Nisimsingizie, alikuwa na bidii kuliko punda. Asubuhi ana kikao, mchana anatembelea watu, jioni anafundisha kwaya. Maombi yake yalikuwa mafupi kama chafya, ya kufungulia kikao na kukifunga. Wazee wa kanisa kubwa huko Kisumu walikuwa wamemwambia watakuja baada ya mavuno kuangalia. Wakikuta kanisa, atabaki. Wasipolikuta, atarudi mjini, na ufuo wetu hautatumiwa mtu mwingine tena.

Akina mama hawakwenda kwenye vikao vyake. Nani ataacha omena juani aende kuchagua mweka hazina? Basi Mama akamwendea.

"Bwana Mwinjilisti," akamwambia, "lile la kwanza tulilijenga kabla hatujaliombea. Hili tutaliombea kwanza. Kila asubuhi, pale pale mchangani, tukimaliza kuanika."

Zablon akasema ni wazo zuri, lakini kwanza wachague kamati ya ujenzi.

"Kamati ya kujenga nini?" Mama akauliza.

Akakubali. Hata hivyo hakuwa na waumini wengine.

Shida ikawa ndege. Ukifumba macho mbele ya omena, umewakaribisha mezani. Yangeyange, kunguru, mwewe, bata wa jirani, wote walijua "tuombe" maana yake nini. Siku za kwanza Sala ya Bwana ilikwenda hivi: Baba yetu uliye mbinguni, shwaa, toka, jina lako litukuzwe, hebu ona yule, ufalme wako uje. Mama Adongo alivua patipati lake mguuni akalirusha katikati ya "utusamehe makosa yetu", likampata Zablon mgongoni. Ilibidi amsamehe pale pale.

Mama akakata shauri. "Akinyi atakuwa wa ndege."

Akinyi ni mimi. Nilipewa kipande cha gunia na sheria moja, kwamba nisifungue mdomo mpaka amina. Ndege watafukuzwa kwa miguu. Mama alisema kelele za ndege na maombi ya watu haziingii mbinguni kwa mlango mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi, watu wakiwa wamepiga magoti, mimi nilikimbia peku nikiwazunguka, napunga gunia hewani, kimya kama mwizi.

Niliona mengi. Nilijua nani anasinzia na nani anajikuna. Zablon, mwanzoni, alikuwa akifumbua jicho moja kila mara kuangalia saa yake ya mkononi. Kadiri siku zilivyokwenda akaanza kuisahau. Asubuhi moja niliona machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuna aliyekuwa amefiwa. Nilishangaa hata yangeyange mmoja akala akashiba.

Lakini moyoni nilikuwa na uchungu. Nilisikia watu wakisema anayeomba macho wazi anaomba anachokiona. Na mimi nilichokiona ni kunguru. Niliamini Mungu anawajua wote pale kwa majina, ila mimi ananijua kama mchakacho wa miguu tu.

Kulikuwa na korongo mmoja, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, mabawa yamemfunika kama koti la mazishi. Nilimwita Mzee wa Kanisa. Gunia hakuliogopa. Alikuja akasimama pembeni, kichwa chini, akangoja. Tulikuwa na mapatano: nikimtazama, hagusi omena.

Basi siku ya wazee kuja ikafika. Zablon aliamka na viti vya kuazima kichwani. Alitaka kupanga viti, kufunga matawi ya mitende, na kurudia nyimbo na kwaya. Akamwomba Mama maombi yaachwe kwa siku hiyo tu. Mungu ataelewa.

"Mungu anaelewa," Mama akasema. "Sisi ndio hatuelewi. Weka viti chini, piga magoti."

Akapiga. Hawajafika mbali, pikapu ikasikika. Wageni walikuwa wamewahi. Zablon akafumbua macho, akaona gari, akaona viti vimelala mchangani kama wagonjwa, akaanza kuinuka. Mama, macho bado ameyafumba, akanyoosha mkono akakamata pindo la koti lake. Zablon akabaki katikati, matako juu, mikono chini, kama ng'ombe aliyeghairi kusimama. Mama akaendelea kuwaombea wagonjwa. Akawaombea wavuvi, mmoja mmoja. Nilisikia uzi wa koti ukikatika.

Wazee watatu wakashuka. Mbele alikuwa Mzee Hezron, mtu mnene wa suti nyeupe, na sauti yake ilianza kutusalimu kabla miguu haijagusa chini. Sheria ilinikataza kusema. Nikaweka kidole mdomoni. Mimi, mtoto wa kunuka omena, nikamnyamazisha mzee kutoka Kisumu.

Akanitazama. Akavua kofia. Akapiga magoti kwenye nafasi iliyokuwa pembeni, na suti yake, kando ya korongo wangu, Mzee wa Kanisa. Ndege hakusogea. Wakakaa wawili pale, vipara viwili vimeinama. Nisingeweza kumfukuza mmoja bila kumkanyaga mwingine. Nilimkazia korongo macho, nikasema moyoni: Bwana, asile, asimdonoe, na tafadhali asimnyee.

Amina ikaja. Mzee Hezron, kama ilivyo desturi, akanyoosha mkono kumsalimu jirani yake kabla hajamtazama. Korongo akauchunguza ule mkono, akaona hauna samaki, akaruka zake.

"Ndugu yetu ana haraka," Mzee Hezron akasema.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Zablon akaja na koti lililochanika, akaanza kueleza habari za kamati na mabati yanayotarajiwa. Mzee akamwinulia kiganja. Akauliza kwanza msichana aliyenyamazisha wazee ni nani. Nikajua kanisa limekufa, na mimi ndiye niliyeliua.

"Huyo ni wa ndege, Mzee," Mama akajibu. "Yeye anaangalia ili sisi tufumbe macho."

Mzee akabandua omena iliyoganda gotini mwake, akairudisha juu ya nyavu. "Kwingine tulikopita," akasema, "mlinzi amewekwa kulinda ngoma. Hapa amewekwa kulinda maombi. Zablon, utabaki hapa. Sasa niinueni, magoti yamekataa." Ilihitaji akina mama wanne.

Jioni, tukikusanya omena, nilimuuliza Mama ni lini na mimi nitaruhusiwa kuomba. Hakuinua kichwa.

"Korongo alipokuwa kando ya mgeni, ulisema nini moyoni?"

Nikamwambia yote matatu.

"Na alimdonoa?"

"Hapana."

"Basi. Shika gunia huko."

Nilidhani tunaongea habari za korongo. Nilikuwa nimeshazaa na mimi, nakesha na mtoto mgonjwa, macho wazi, nikisema maneno mafupi mafupi ya aina ile ile, ndipo nilipogundua alichonijibu. Pale ufuoni hakuna aliyeomba mara nyingi kama mimi. Kila ndege alikuwa ombi.

Sasa vijana wa kanisa letu wanataka kupanda kanisa Sondu. Juzi walitusomea mpango wao: hema, spika, viti vya plastiki. Nikasimama nikauliza nani atakuwa wa ndege. Mmoja akasema, kwa adabu, kwamba wanakokwenda hawaaniki omena. Nilimtazama mpaka akaketi.

Halafu nikawaambia waanze maombi kesho alfajiri, kabla ya hema. Mimi magoti yangu yamekataa kama ya Mzee Hezron, lakini wakiniwekea kiti pembeni nitakuja. Macho bado ni mazima.